Ushuru uliozidi mpakani: miezi 12 ya kudai, miaka 5 ya kudaiwa

Mfanyabiashara wa Nairobi anayenunua samani za mbao kutoka Arusha anatarajiwa kuzipitisha Namanga bila kulipa ushuru wa forodha, kwa kuwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru huo inapovuka kutoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine. Lakini lori likifika mpakani bila cheti cha uasili wa bidhaa, au cheti kikiwa na dosari, samani hizo huhesabiwa kana kwamba zimetoka nje ya Jumuiya. Samani ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa katika daraja la asilimia 35 la ushuru wa pamoja, daraja lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Kwa shehena yenye thamani ya shilingi milioni 1 za Kenya, ushuru unakuwa 350,000. Na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wake, asilimia 16 ya kiasi hicho huongeza 56,000 nyingine.

Mara nyingi mwagizaji hulipa. Dereva yupo barabarani, mteja anasubiri, na kila siku ya lori kusimama ina gharama yake. Wiki mbili baadaye cheti halali kinapatikana. Swali linalobaki ni kama shilingi 406,000 zile zinaweza kurudi, nani mwenye haki ya kuzidai, na mpaka lini.

Jibu la sheria ni kwamba zinaweza kurudi. Hata hivyo, haki hiyo ina masharti yasiyofahamika kwa wengi wanaovusha mizigo, na ina muda mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Sheria moja, mamlaka nyingi

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2005 ukiwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2009. Chombo chake kikuu ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa hiyo kifungu kinachohusu marejesho ya ushuru ni kilekile, mtu awe amelipia mzigo wake Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo au Kobero. Kinachobadilika ni ofisi inayopokea madai: KRA nchini Kenya, URA nchini Uganda, RRA nchini Rwanda, OBR nchini Burundi, na TRA hapa Tanzania.

Kifungu chenyewe ni cha 144. Kinamtaka Kamishna wa forodha kurejesha ushuru katika hali mbili. Ya kwanza ni pale bidhaa zilizolipiwa ushuru zilipoharibika au kuibwa zikiwa safarini, au zilipoharibika au kuteketea zikiwa bado chini ya usimamizi wa forodha. Ya pili, ambayo ndiyo inayogusa watu wengi zaidi, ni pale ushuru ulipolipwa kwa makosa, wote au sehemu yake. Katika hali hii ya pili madai hayapokelewi yasipowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo.

Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa polepole. Muda hauanzi siku mwagizaji alipogundua kosa, wala siku mhasibu wake alipofunga hesabu za mwaka. Unaanza siku fedha zilipolipwa. Kampuni inayokagua nyaraka zake za forodha mara moja kwa mwaka inaweza kukuta kosa kubwa katika malipo ya mwezi wa kwanza na ikawa imebakiwa na siku chache tu za kulidai, au haina hata moja.

Upande wa pili wa mizani uko katika kifungu cha 135. Ikiwa ni mamlaka iliyotoza pungufu, au iliyorejesha fedha kimakosa, inaweza kumdai mwagizaji tofauti hiyo hadi miaka 5 baadaye. Ndiyo sababu wafanyabiashara wanatakiwa kuhifadhi kumbukumbu zao za forodha kwa miaka 5, na ndiyo sababu maofisa wa ukaguzi huweza kubisha hodi dukani muda mrefu baada ya bidhaa kuuzwa na faida kuliwa. Hoja ya serikali inaeleweka: mapato yaliyokwisha kuingia katika bajeti hayawezi kubaki yakielea bila mwisho, na mwagizaji ndiye anayeijua ankara yake kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini uwiano wa miaka 5 kwa mwaka 1 bado ni mgumu kuutetea mbele ya mfanyabiashara mdogo asiye na mhasibu.

Kosa hutokea wapi

Ushuru wa forodha hujengwa juu ya nguzo tatu: bidhaa ni nini, thamani yake ni kiasi gani, na imetoka wapi. Kosa katika nguzo yoyote hubadilisha kiasi kinacholipwa, ingawa si kwa namna ileile.

Utambuzi wa bidhaa hufanywa kwa namba zinazotumika duniani kote, ambazo Jumuiya imezipangia viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, mbali na orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vyake maalumu. Chukua mashine yenye thamani ya shilingi milioni 2 za Kenya iliyostahili kiwango cha asilimia 10, lakini wakala akaiandika chini ya namba yenye asilimia 25. Ushuru uliolipwa ni 500,000 badala ya 200,000. Tofauti ya 300,000 huvuta VAT ya 48,000 juu yake, hivyo kilichozidi ni 348,000. Ada ya tamko la uagizaji na tozo ya maendeleo ya reli, ambazo Kenya hutoza kwa kuangalia thamani ya mzigo, hazibadiliki, maana thamani haikuguswa.

Thamani ikiwa ndiyo iliyokosewa, kila kitu hutikisika. Tuseme thamani ya mzigo imeandikwa milioni 2.6 badala ya milioni 2, na kiwango sahihi ni asilimia 25. Juu ya 600,000 zilizozidi kuna ushuru wa 150,000. Ada ya tamko ya asilimia 2.5, yaani 15,000. Tozo ya reli, ambayo ilipandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024, yaani 12,000. Na VAT ya 120,000. Jumla ni 297,000. Kosa moja la thamani linaweza hivyo kuzaa madai manne chini ya sheria tofauti, na anayedai ushuru wa forodha peke yake huacha sehemu ya fedha zake mezani.

Sababu moja ya kosa la thamani haijulikani sana, nayo inahusu usafiri. Thamani ya forodha ya mzigo uliokuja kwa meli hujumuisha bei ya ununuzi, bima na nauli ya kuufikisha bandarini. Kwa mzigo uliokuja kwa ndege, jedwali la nne la sheria hiyo ya forodha linasema nauli haiongezwi katika thamani. Wakala aliyezoea mizigo ya Mombasa na Dar es Salaam anaweza kuiongeza kwa mazoea tu, na nauli ya ndege si ndogo. Anayeagiza vipuri, vifaa vya hospitali au simu kwa njia hiyo ana sababu ya kurudi kwenye matamko yake ya miezi iliyopita na kuuangalia mstari wa nauli.

Nguzo ya tatu, asili ya bidhaa, ndiyo ile ya samani za Arusha. Hapa kosa huwa la karatasi kuliko la hesabu: cheti kimechelewa, sahihi haifanani na iliyopo katika kumbukumbu za mpakani, maelezo ya bidhaa kwenye cheti hayalingani na ankara. Kanuni za uasili zinaruhusu, katika mazingira maalumu, cheti kutolewa baada ya bidhaa kuondoka, na cheti cha namna hiyo ndicho msingi wa madai. Uzito wake unategemea kama mamlaka ya nchi iliyotoza inaweza kuuthibitisha kwa taasisi iliyokitoa. Ankara ya kiwandani na nyaraka za malighafi zikiambatishwa tangu mwanzo, barua za kwenda na kurudi hupungua.

Magari yaliyotumika ni hadithi ya peke yake. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa magari ya kawaida yenye injini isiyozidi ujazo wa 1,500, na asilimia 25 kwa yanayozidi hapo, kabla ya kufika kwenye injini kubwa zenye kiwango cha juu zaidi. Gari la ujazo wa 1,496 likiandikwa 1,596, tarakimu moja imelihamisha daraja. Likiwa na thamani ya forodha ya shilingi 800,000, na ushuru wa forodha wa asilimia 35 uliokuwa ukitozwa magari nchini humo tangu Julai 2023, ushuru wa bidhaa unapanda kutoka 216,000 hadi 270,000, na VAT juu ya tofauti hiyo ni 8,640. Lakini angalia: ushuru wa forodha wenyewe haukukosewa. Kilichozidi ni ushuru wa bidhaa na VAT, ambazo zinatawaliwa na sheria za Kenya wala si sheria ya Jumuiya. Barua inayotaja kifungu cha 144 pekee haitafika mbali. Kila kodi ina sheria yake, na muda wake wa kuidai.

Nani adai, na kwa nani

Katika mfano wa samani, fundi wa Arusha hana madai yoyote kwa KRA, hata kama ndiye aliyekosea cheti na hata kama ndiye aliyerudisha gharama hizo kwa mnunuzi wake. Madai ni ya aliyetajwa kwenye tamko la forodha kuwa mwagizaji. Wakala anaweza kuyaandaa na kuyapeleka kwa niaba yake, lakini haki haimhami mwenye mzigo. Hili huleta shida kubwa kwa watu wanaovusha bidhaa kwa kutumia jina na namba ya mlipakodi ya mtu mwingine, desturi iliyozoeleka katika vituo vingi vya mpakani. Siku ya kulipa inaonekana ni njia ya mkato. Siku ya kudai, jina lililoko kwenye karatasi ndilo lenye haki.

Ofisi ya kuiendea hutegemea nani alipokea fedha, si wapi mzigo ulishushwa. Tangu mwaka 2014, chini ya mfumo wa Eneo Moja la Forodha, bidhaa za Uganda na Rwanda zinazopita Mombasa, na zile zinazopita Dar es Salaam kwenda nchi jirani zilizo katika mfumo huo, hutolewa tamko na kulipiwa katika nchi ziendako kabla ya kuondoka bandarini. Hivyo mfanyabiashara wa Kampala ambaye kontena lake lilikaguliwa na maofisa wa Kenya anadai kwa URA. Kupeleka barua Mombasa ni kupoteza wiki ambazo tayari zinahesabiwa.

Mzigo unaopita tu, kwa mfano kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, haulipiwi ushuru Tanzania. Unawekewa dhamana inayofutwa ukishatoka nchini. Congo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini forodha yake imekuwa ikiendeshwa kwa sheria yake yenyewe, chini ya idara iitwayo DGDA. Muda na vifungu vinavyoelezwa hapa visichukuliwe kuwa ndivyo vinavyofuatwa Kasumbalesa.

Jalada la madai

Mamlaka za mapato za ukanda huu sasa hupokea matamko kwa mifumo ya kielektroniki: Kenya ina iCMS, Uganda, Rwanda na Burundi hutumia ASYCUDA World, na Tanzania ina TANCIS. Hilo limerahisisha jambo moja muhimu, maana tamko lililokosewa lipo, na afisa anaweza kuliona. Lakini mfumo hauonyeshi kwa nini ni kosa. Kazi hiyo ni ya mwenye madai.

Jalada lenye nguvu huanza na barua fupi inayotaja namba ya tamko, tarehe ya malipo, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichostahili na tofauti yake, kila kodi ikiwa katika mstari wake. Nyuma yake huwekwa tamko lenyewe, risiti ya malipo, ankara ya muuzaji, hati ya shehena au ya mzigo wa ndege, orodha ya vifurushi, na uthibitisho wa benki kwamba bei iliyoandikwa kwenye ankara ndiyo iliyolipwa. Kisha huja ushahidi wa kosa, ambao hutofautiana: cheti cha uasili, maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji yanayoonyesha mashine ni ya aina gani, au hati ya usajili wa gari ya nchi lilikotoka inayoonyesha ujazo wa injini. Kwa bidhaa zilizoharibika safarini, ripoti ya ukaguzi iliyofanywa mzigo ukiwa bado mikononi mwa forodha ina thamani kuliko picha zilizopigwa ghalani baada ya wiki. Mwenye mzigo anayelitoa kontena kwanza na kulalamika baadaye anakuwa amejiondolea ushahidi wake bora.

Nakala ya barua yenye mhuri wa mapokezi, au risiti ya mfumo inayoonyesha siku madai yalipoingia, ni karatasi ya kutunzwa kama hati ya nyumba. Madai yaliyoingia mwezi wa 11 ni madai hai hata kama afisa atayasoma mwezi wa 15. Mazungumzo ya simu na ahadi za mdomo hazisimamishi hesabu ya miezi.

VAT inahitaji uangalifu wa ziada. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo kwa kawaida hukata VAT aliyolipa forodhani kutoka kwenye VAT aliyotoza wateja wake. Akiwa amekwisha kuikata, akadai tena irejeshwe, atakuwa amelipwa mara mbili, na ukaguzi utamfikia ndani ya miaka 5 iliyotajwa. Asiyesajiliwa hana mlango huo wa kukata, hivyo kwake VAT iliyozidi ni hasara halisi inayohitaji madai.

Na kuna onyo. Kifungu cha 203 cha sheria hiyohiyo kinamfanya mtu anayejipatia marejesho asiyostahili kwa maelezo ya uongo kuwa mkosaji, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000 za Marekani. Anayetafuta kurudishiwa shilingi laki mbili kwa ankara iliyochongwa anacheza mchezo mbaya.

Kosa si ubishi

Hapa ndipo madai mengi hupotelea. Kuna tofauti kati ya ushuru uliolipwa kwa makosa na ushuru uliolipwa kwa uamuzi ambao mwagizaji haukubali. Nauli ya ndege iliyoongezwa bila kujua ni kosa. Afisa akiikataa ankara ya mwagizaji, akaipandisha thamani kwa kulinganisha na mizigo mingine, huo ni uamuzi, na njia ya kuupinga ni nyingine.

Njia hiyo iko katika kifungu cha 229. Aliyeathiriwa na uamuzi wa Kamishna au afisa yeyote wa forodha anatakiwa kuomba mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi, akitoa sababu. Asipojibu katika muda huo, sheria inahesabu kwamba ombi limekubaliwa. Hiki ni kifungu adimu ambamo ukimya wa ofisi humfaa raia, na inashangaza jinsi kinavyotajwa mara chache kwenye barua za mawakala. Ombi likikataliwa, kifungu cha 230 kinatoa siku 45 za kukata rufani katika baraza la rufani za kodi la nchi husika.

Mtu anayedhani ana miezi 12, kumbe anapinga uamuzi, huwa amechelewa kwa miezi 11 bila kujua. Sheria inamruhusu Kamishna kupokea ombi lililochelewa kwa sababu kama ugonjwa au kutokuwepo nchini, lakini hiyo ni hisani ya kuombwa. Pale mpaka kati ya kosa na uamuzi unapokuwa na ukungu, na mara nyingi huwa nao, ni salama zaidi kuomba mapitio ndani ya siku 30 na kuweka madai ya marejesho pembeni yake.

Pia hakuna ulazima wa kulipa kwanza na kubishana baadaye kila mara. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu thamani ya forodha unataka mwagizaji aweze kuuchukua mzigo wake kwa kuweka dhamana ya kutosha wakati uamuzi wa mwisho kuhusu thamani unasubiriwa. Benki au kampuni ya bima hutoza ada kwa dhamana hiyo, lakini fedha taslimu hubaki kwenye biashara. Tofauti ni kubwa, maana ushuru ukishalipwa huingia katika mfuko mkuu wa serikali, na kuutoa humo kunahitaji madai yahakikiwe, malipo yaidhinishwe na fedha zipatikane. Kwa kawaida pia mamlaka hutazama kama mdai hana deni jingine la kodi kabla ya kumlipa. Waagizaji wengi wanapanga hesabu zao kana kwamba fedha hizo zitarudi robo ya mwaka ijayo. Ni afadhali kuzipanga kana kwamba zitachelewa.

Kabla ya kufika huko

Mwenye kiwanda aliyelipa ushuru wa malighafi kisha akauza bidhaa zake nje ya Jumuiya ana utaratibu wake wa kurejeshewa, chini ya kifungu cha 138, na hahitaji kuthibitisha kosa lolote. Anathibitisha kwamba malighafi ile iliondoka nchini ndani ya bidhaa. Wapo wanaochanganya njia hii na ya kifungu cha 144 kwa sababu zote mbili huishia kwenye marejesho.

Anayeagiza bidhaa moja mara kwa mara, na hana uhakika na namba yake, anaweza kumwomba Kamishna atoe uamuzi wa awali kwa maandishi kuhusu utambuzi, thamani au asili ya bidhaa hiyo kabla ya meli kung'oa nanga. Karatasi hiyo humfunga afisa atakayeushika mzigo. Ni huduma ambayo kampuni kubwa huitumia na wadogo huipita, pengine kwa sababu mawakala wao hawaitaji.

Kwa wafanyabiashara wadogo wanaovuka Namanga, Sirari, Busia au Rusumo na mizigo ya mikononi na ya magari madogo, kudai marejesho ya shilingi elfu kadhaa mara nyingi hakulipi nauli ya kufuatilia. Kinachowafaa wao ni cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hutolewa palepale mpakani kwa bidhaa za Jumuiya zilizo katika orodha iliyokubaliwa, mradi thamani ya shehena isizidi dola 2,000 za Marekani. Hakiwaondolei VAT wala vibali vya afya na mimea, lakini ushuru wa forodha hautozwi. Ofisi ya forodha ndiyo inayokigonga mhuri, na huombwa kabla ya malipo kufanyika.

Ikiwa tatizo si afisa wala cheti, ila ni sheria ya nchi inayobagua bidhaa za jirani, mamlaka ya mapato haina uwezo wa kuifuta. Hapo mlango ni Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Machi 2019 mahakama hiyo iliamua kwamba sheria ya Uganda ya ushuru wa bidhaa, iliyozitoza sigara zilizotengenezwa Kenya zaidi ya zile za ndani, ilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri la namna hiyo moja kwa moja. Anapaswa kulipeleka ndani ya miezi 2 tangu sheria au kitendo hicho kitokee, au tangu alipokifahamu.